Sarafu za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali haya huulizwa na watu wa Dodoma mjini, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Singida: aliyerithi kopo la bibi, fundi aliyeokota kitu akichimba msingi, kijana aliyetumiwa video kwenye simu. Nimeyajibu kama ninavyowajibu ana kwa ana.

Sarafu yangu ni ya zamani sana. Si lazima iwe na bei kubwa?

Si lazima. Hili ningependa lieleweke kabla ya mengine yote. Bei ya sarafu inaamuliwa na mambo matatu: zimebaki ngapi, wanaozitafuta ni wangapi, na hiyo ya kwako iko katika hali gani. Umri wenyewe haumlazimishi mtu kutoa hela. Sarafu ndogo za shaba za Dola ya Rumi, zenye miaka zaidi ya 1,600, zinauzwa Ulaya kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi mno na bado zinafukuliwa. Kinyume chake, rupia 15 ya dhahabu ya mwaka 1916, ambayo ni ya juzi tu ukilinganisha, inauzwa kwa maelfu ya dola.

Huku kwetu hupatikana sarafu zipi hasa?

Nyingi ni za Mjerumani na za Mwingereza, na sababu ni reli na kodi. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Tabora 1912. Vibarua walilipwa kwa rupia na heller, yaani pesa za utawala wa Mjerumani. Kodi ya nyumba nayo ilidaiwa kwa rupia, kwa hiyo hata aliyekaa mbali na reli alilazimika kuuza ng'ombe, asali au nguvu zake ili azipate. Ukiongeza boma za Mpwapwa, Kondoa na Kilimatinde, utaona kwa nini sarafu za kati ya 1904 na 1913 ndizo zinazoibuka zaidi huku.

Ukiwa na sarafu ya Mjerumani, tazama kwanza jina lililoandikwa. Rupia za 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na nembo yenye simba na mnazi. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ilichukua kazi hiyo. Rupia moja ikawa heller 100, na maandishi yakawa Deutsch Ostafrika. Upande wa kichwa ni Kaiser Wilhelm wa Pili akiwa na kofia ya chuma. Tafuta pia herufi ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Kuna miaka ambayo herufi moja ni ya kawaida na nyingine ni adimu, kwa hiyo usikadirie bei kabla hujaisoma.

Heller moja ya shaba ilitengenezwa kwa mamilioni. Ikiwa imechakaa, ni ya dola chache tu. Rupia ya fedha ya kawaida, yenye hali ya kuridhisha, ni makumi ya dola. Inayosumbua watu usingizi ni rupia mbili ya kampuni, ya 1893 na 1894. Hiyo ni adimu kweli, na kwa sababu hiyo hiyo imeghushiwa sana.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia ikaja Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Ikaanza na florini, kisha mwaka 1921 ikaleta shilingi yenye simba mbele ya milima. Senti moja, tano na kumi zina tundu katikati na picha ya pembe za ndovu.

Sarafu yangu ina maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307. Ina maana ina miaka mia saba?

Hapana, ila nakuelewa. Huo ni mwaka wa Hijria. 1307 ni takriban 1890 kwa kalenda ya Miladia, na kama upande wa pili una tai wa Kijerumani, basi unashika pesa moja ya shaba ya kampuni ile ile niliyoitaja. Zilitoka za 1307, 1308 na 1309, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Ni sarafu nzuri ya kuanzia ukusanyaji kwa sababu bei yake haiumizi.

Ukiona 1299 na mizani, hiyo ni ya Zanzibar, wakati wa Sultan Barghash. Miaka 1299 na 1304 ndiyo inayoonekana kwenye shaba zake. Riale yake ya fedha ya 1299 ni habari nyingine kabisa; ukiwa nayo halisi, usiiweke mfukoni pamoja na funguo.

Na tukiwa bado kwenye tarehe: riale kubwa ya fedha yenye kichwa cha mama mnene na mwaka 1780, yaani Maria Theresa, malkia wa Austria, haikuambii ilitengenezwa lini. Iliendelea kutolewa karne ya 19 na ya 20 ikiwa na mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakuitaka yenye tarehe nyingine. Uzito wake ni gramu 28.07, na kwa kawaida bei yake haiendi mbali na bei ya fedha iliyomo.

Kuna watu wanatafuta rupia inayovuta sindano, au inayozima redio. Wanasema watalipa mamilioni. Ni kweli?

Huo ni utapeli, na nitaueleza kirefu kwa sababu umewafilisi watu wazima wenye akili zao.

Rupia ya Mjerumani ni fedha asilimia 91.7, iliyobaki ni shaba. Hakuna hata moja kati ya hizo inayovutwa na sumaku au kuvuta chochote. Rupia inayovuta sindano ina chuma ndani yake au sumaku iliyobandikwa, kwa hiyo ni feki. Zebaki haimo. "Madini adimu" hayamo. Haigandishi maji wala haivuti mchele.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Anakuja mtu wa kwanza, dalali, anauliza kijijini kama kuna mwenye rupia. Siku chache baadaye anatokea mzee mwenye rupia, hamjuani, anataka laki tatu tu kwa sababu ana mgonjwa. Unampigia dalali, anaruka kwa furaha: tajiri wake yuko tayari kutoa milioni mia. Unauza mbuzi, unakopa, unainunua. Kisha simu ya dalali haipatikani tena. Dalali na mzee ni kitu kimoja.

Toleo la pili halina mzee. Wewe mwenyewe ndiye mwenye sarafu, na mnunuzi anaikubali bila hata kuuliza uzito. Halafu yanaanza: ada ya mtaalamu wa kupima, dawa ya kuisafisha, kibali, tiketi ya tajiri kutoka nje. Kila hatua inataka hela kidogo kwa njia ya simu. Mnunuzi wa kweli haombi hela kwa muuzaji. Akitoa kishika uchumba, anatoa yeye.

Basi nitajuaje kama rupia yangu ni halali?

Anza na macho. Pembeni rupia ina mistari ya meno iliyosimama sawasawa. Feki ya kuyeyushwa mara nyingi huacha mshono mwembamba unaozunguka, au vitobo vidogo kama vya chunusi usoni. Herufi za halisi zina kingo kali hata pale sarafu ilipochakaa. Kwenye feki zinaonekana zimelala.

Kisha pima. Rupia nzima ni gramu 11.66 na upana wa milimita 30 na nusu hivi. Iliyotembea mikononi mwa watu wengi inaweza kupungua kidogo, ikawa 11.5. Ikisoma gramu 10, weka chini.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji, na hakihitaji kuikwaruza sarafu. Unahitaji mizani ndogo inayosoma hadi senti ya gramu, kama za masonara. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga rupia kwa uzi mwembamba, ishushe hadi izame yote lakini isiguse chini wala kando. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Mfano: rupia ina gramu 11.66, na ilipozama mizani ikasoma 1.13. 11.66 ukigawa kwa 1.13 unapata kama 10.3, na hiyo ndiyo fedha ya rupia inavyotakiwa kuwa. Kama mizani ingesoma 1.31, jibu lingekuwa 8.9, yaani una shaba na nikeli iliyong'arishwa. Futa mapovu yaliyoshika kwenye sarafu kabla ya kusoma, maana yanadanganya.

Njia hii haitakwambia kama mtu ametumia fedha halisi kuigiza sarafu adimu. Kwa hiyo rupia mbili ya 1893 ikipita kwenye maji, bado inahitaji jicho la mtu aliyewahi kushika ya kweli.

Ile ya dhahabu yenye tembo iko wapi, na ni kweli dhahabu yake ilitoka kwetu?

Ni kweli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, mkoani Singida. Wakati wa vita Waingereza walizuia meli, sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani, na utawala wa Wajerumani ukahamia Tabora. Huko, kwenye karakana ya reli, ndiko sarafu za dharura zilikotengenezwa mwaka 1916: rupia 15 za dhahabu, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na heller 5. Herufi T inasimama kwa Tabora. Malighafi ya zile ndogo ilikuwa chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaisha.

Rupia 15 zilikuwa 16,198 tu. Upande mmoja tembo kanyanyua mkonga, nyuma yake milima. Upande wa pili tai. Uzito ni gramu 7.17 hivi na dhahabu yake ni asilimia 75, kwa hiyo kwenye kipimo cha maji inatakiwa ikupe karibu 15. Nyingi ya zinazooneshwa mitandaoni ni za kuigiza, za shaba iliyopakwa rangi, na hizo hukupa 8 au 9 bila ubishi.

Heller 20 za Tabora ndizo ninazozipenda kuliko hata hiyo ya dhahabu. Zimetoka kwa haraka, nyingine zimepinda herufi, nyingine taji limekaa vibaya. Wakusanyaji hutofautisha maumbo ya taji na mikia ya herufi L kwenye neno Heller, na maumbo mengine ni haba kuliko mengine. Chukua kioo cha kukuzia kabla ya kuiuza kwa bei ya kilo ya nyama.

Shilingi za simba za Mwingereza zina fedha?

Za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25, yaani chini kidogo ya gramu mbili katika shilingi ya gramu 7.78. Kuanzia 1948 hazina kabisa. Hizi za 1948 hadi 1952 ndizo zilizojaa Kongwa na Mpwapwa tangu enzi za mradi wa karanga, na ni za kawaida mno. Senti tano na kumi za 1936 zenye jina la Edward wa Nane huwachanganya watu: mfalme huyo alijiuzulu mwaka huo huo kabla ya kutawazwa, kwa hiyo wanadhani ni adimu. Zilitengenezwa nyingi.

Na za Mwalimu Nyerere?

Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966, na sarafu za kwanza zina mwaka huo: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, sumni yenye sungura na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Zilizotumika hazina bei kubwa, hata akuambie nani. Lakini zile ambazo hazikuwahi kuingia sokoni, zenye mng'ao wake wa kiwandani, zinatafutwa. Kumbuka pia sarafu za uhifadhi wa wanyama za 1974: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Hizo ziliuzwa kwa wakusanyaji tangu mwanzo, hazikupita mikononi mwa muuza nyanya, kwa hiyo ukiiona kijijini jiulize imefikaje.

Hali ya sarafu inapimwaje?

Kwa kutazama sehemu zilizoinuka zaidi, maana ndizo zinazolika kwanza. Kwenye rupia ni tai wa kofia na masharubu ya Kaiser. Kwenye shilingi ya simba ni manyoya ya shingo. Kwenye shilingi ya 1966 ni nywele juu ya sikio la Mwalimu. Nywele zikionekana moja moja, hali ni nzuri. Zikiwa zimekuwa uso laini, imetumika sana. Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC hutoa alama kutoka 1 hadi 70 na kuifungia sarafu kwenye kasha, lakini gharama yake na ya kuituma haistahili kwa sarafu ya dola thelathini.

Tofauti ya hali ndiyo inayowashangaza wauzaji wengi. Rupia mbili za mwaka mmoja na herufi moja, moja imechakaa na nyingine kama imetoka jana, zinaweza kupishana bei mara tano au zaidi.

Niisafishe kwanza?

Usiisafishe. Si kwa majivu, si kwa limau, si kwa dawa ya meno, si kwa steel wool. Weusi unaoota juu ya fedha ni ngozi yake na mkusanyaji anautaka. Ukiusugua, unaacha mikwaruzo ambayo haitatoka milele, na bei inashuka nusu hapo hapo. Udongo mkavu unaweza kuulowesha kwenye maji safi yasiyo na chumvi, ukaacha udondoke wenyewe, kisha ukakausha kwa kugusa na kitambaa laini bila kufuta. Maji ya bomba ya baadhi ya mitaa ya Dodoma yana chumvi. Tumia ya betri, yale yasiyo na tindikali.

Rupia ya bibi ina tundu na kitanzi. Imeharibika?

Kwa bei ya ukusanyaji, ndiyo, imepungua sana, na ukikiondoa kitanzi utaiharibu zaidi. Lakini kama ni mkufu mzima wa bibi, wenye shanga na rupia zake, kaa nao. Mkufu ukiwa kamili, na historia ya aliyeuvaa ikijulikana, una maana ambayo rupia moja moja haina, na makumbusho huvitazama vitu vya namna hiyo kwa jicho tofauti.

Nina sarafu iliyobonyea na picha imepanuka. Ni kosa la kiwandani?

Uliishi karibu na reli utotoni? Sarafu nyingi za namna hiyo zimekanyagwa na treni. Kosa la kiwandani huacha picha ikiwa kali lakini imekaa pembeni, au imegongwa mara mbili. Picha iliyotanuka na kufifia ni ya reli au nyundo.

Benki Kuu inanunua sarafu za zamani?

Usiende na heller dirishani. Zoezi la Januari hadi Aprili 2025 lilikuwa la kubadilisha noti za zamani, na lilimalizika. Sarafu za Mjerumani na za Bodi ya Afrika Mashariki zilikwisha kuondolewa kwenye mzunguko zamani. Bei yake ni ile mkusanyaji atakayokubali.

Tunachimba hapa karibu na boma la Mjerumani, tumeambiwa kuna hazina. Sheria inasemaje?

Acheni kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kufukua mabaki ya kale bila leseni, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vina ulinzi maalumu. Havitoki nchini bila kibali. Rupia ya 1904 haiingii kwenye tarehe hiyo, lakini sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinaingia. Ukiokota kitu cha namna hiyo ukilima au ukichimba choo, toa taarifa ofisi ya mkuu wa wilaya, na uandike ulikipata wapi na kina gani. Mahali kilipokutwa kina faida kwa mtafiti kuliko kitu chenyewe.

Kuhusu masanduku ya dhahabu chini ya maboma: Mjerumani aliyekuwa akiyeyusha maganda ya risasi ili alipe askari wake hakuwa na dhahabu ya kuzika kila wilaya.

Nauza wapi, na nitajuaje bei?

Tafuta sarafu yako kwenye Numista, ni katalogi ya bure ya mtandaoni, ina picha, uzito na idadi zilizotengenezwa. Kisha tazama bei za minada iliyokwisha kufungwa. Ninasisitiza iliyofungwa, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuandika dola 10,000 kwenye tangazo la heller, na tangazo hilo hilo ndilo huzungushwa kwenye makundi ya simu kama ushahidi. Bei ya kuomba si bei ya kuuzia.

Mnunuzi mwenye duka atakupa pungufu ya bei ya mnada, maana naye anakula hapo. Hilo ni haki yake. Sonara wa mjini atakupa bei ya fedha kwa gramu, na rupia ikiyeyushwa imekwenda. Muuzie sonara zile zilizoharibika tu. Mkutane mahali penye watu, mchana, na sarafu isitoke mbele ya macho yako "kwenda kupimwa".

Vumbi na joto la Dodoma vinaziharibu?

Afadhali sisi. Hewa yetu ni kavu, na shaba inapona kutu ya kijani inayowatesa wenzetu wa Tanga na Dar. Ziepushe na bahasha za plastiki laini zenye harufu, maana hizo huacha utando wa kijani unaonata. Karatasi ngumu, au vikasha vya plastiki ngumu, vinatosha. Zishike kwa pembeni.

Nikitaka kuulizia sarafu yangu, nitume nini?

Picha ya pande zote mbili na ya ukingo, kwenye mwanga wa jua la asubuhi, bila flashi. Uzito kwa gramu na upana kwa milimita. Mwaka na herufi ndogo yoyote unayoiona. Na ulivyoipata, kwa ukweli. Video ya sindano sihitaji.